Ng'ombe wa Ndani ya Runinga

Habari ilifika kijiweni kabla maji ya chai hayajachemka, na aliyeileta ni Fransiska, muuza vitumbua, ambaye Katesh nzima inamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

"Yasmini, mwanangu, umeisha!" alisema, beseni bado liko kichwani. "Mwenyekiti anakuja leo kulifunga banda lako. Jana kasimama mkutanoni kabisa, kasema umeleta gemu la uchawi. Watu wanarusha moto kwa vidole, wanaongea na maiti, na kuna joka!"

Yasmini aliganda na kikombe mkononi. Banda lenyewe lilikuwa la mabati, kando ya njia iendayo mnadani. Mbele aliuza chai, ndani palikuwa na runinga moja ya kuchezea gemu, na gemu ndilo lililowalisha watoto wawili wa marehemu dada yake. Alitaka kusema neno, lakini maneno ya Yasmini yalikuwa na tabia ya kufika kooni, kuchungulia nje, kisha kurudi yalikotoka.

"Umesikia lakini?"

"Nimesikia, mama."

"Basi leo ujifunze kuongea. Yule ukimnyamazia anafunga na kinywa chenyewe."

Hatibu, fundi simu, aliyejipa mwenyewe jina la Injinia, aliweka chini bisibisi yake. "Uchawi gani? Hiyo ni teknolojia. Mwenyekiti hajaliona gemu hata kwa dirishani, keshalihukumu."

"Wewe uliyeliona, tuambie. Lina nini?"

"Ni dunia nzima mle, mama. Siyo kama gemu la mpira, dakika tisini mnaachana. Hili hakuna wa kukupangia. Ukitaka mlimani, mlimani. Ukitaka ziwani, ziwani. Unatembea mpaka uchoke mwenyewe."

"Na kazi je?"

"Kazi ni kuliua joka. Linataka kuiangamiza dunia."

"Na wewe ukienda kutembea ziwani, joka linafanya nini?"

"Linakusubiri."

"Wiki nzima?"

"Hata mwezi."

Fransiska alitua beseni. "Joka lina subira kuliko mume wangu."

Walikuwa bado wanacheka alipofika Gidamis, mzee mfugaji wa Kibarabaig kutoka kijiji cha Gehandu, shuka begani na fimbo mkononi. Kijiweni walimwita Mzee Zizi, maana umwanzishie habari yoyote, iwe ya mvua, ndoa au siasa, yeye ataipeleka hadi iingie kwenye zizi la ng'ombe.

"Shikamoo babu," walisema wote kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Mbona Yasmini ana uso wa mtu aliyepotelewa na mtamba?"

Wakamweleza. Mzee alisikiliza, akanywa chai yote kwanza.

"Huyu mwenyekiti wenu Julius anafunga kitu ambacho sisi wazee hatujakiona? Na kama ni kizuri? Kiwasheni. Nikiona uchawi nitasema uchawi. Nikiona upuuzi nitasema upuuzi."

Wakaingia ndani. Yasmini akawasha, na Hatibu akashika pedi ya kuchezea kama mtu aliyeombwa kuongoza ndege. Kwenye runinga akatokea kijana mwenye upanga mgongoni, kwenye kijiji cha nyumba za mawe. Kijana hakupoteza muda. Akasukuma mlango wa nyumba ya kwanza, akaingia.

"Hodi hajapiga," alisema Gidamis.

"Hakuna hodi, babu."

Kijana akafungua sanduku, akachukua mikate, akachukua jibini, akachukua kuku, akachukua viatu. Kisha akavunja chungu kwa upanga. Kando ya moto alikaa mzee mwenye ndevu hadi kifuani, anamtazama tu.

"Huyu ndiye jambazi?" aliuliza Fransiska.

"Huyu ndiye shujaa."

"Shujaa! Anamkomba mzee wa watu mchana kweupe!"

"Mama, vitu vya kwenye gemu vinachukuliwa na mchezaji. Ndivyo ilivyopangwa."

"Mgeni njoo, mwenyeji afilisike," alisema Gidamis. "Na hajamwamkia. Mzee ana mvi zote zile, hapati hata shikamoo. Hebu bonyeza amwamkie."

Hatibu akakuna kichwa. "Hakuna kitufe cha shikamoo, babu."

"Hiyo pedi ina vitufe vingapi?"

"Vingi."

"Vingi, na cha shikamoo hakipo." Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Uchawi sijauona. Lakini malezi hakuna."

Yasmini, aliyesimama mlangoni akichungulia njia, aligeuka kuwatazama. Kama shahidi wake wa kwanza anasema hivyo, mwenyekiti atasemaje?

Mzee wa kwenye runinga akafungua kinywa, akaongea Kiingereza kirefu. Hatibu akatafsiri: "Anasema mjukuu wake anaumwa, kwa hiyo shujaa avuke milima mitatu, apigane na majitu, amletee jani la dawa."

"Kwa nini wasipande basi waende hospitali ya Haydom?" aliuliza Fransiska.

"Haydom haipo humo, mama."

"Ndiyo maana wanakufa ovyo."

Kijana akatoka nje kwenda kutafuta jani. Hajafika mbali, mbwa mwitu akamrukia. Wakapigana. Kijana alipokaribia kufa alisimama katikati ya vita, akala vipande vyote vya jibini, mikate sita na kuku mzima, huku mbwa mwitu akingoja, kisha akaendelea kupigana akiwa mzima kama jana. Mbwa mwitu akaanguka. Kijana akampekua, akampata na sarafu na glavu za chuma.

"Mbwa mwitu alikuwa na glavu?" Fransiska alimgeukia Hatibu kana kwamba ndiye aliyeziweka.

"Na ukoo wake wamempa nini huyu kijana?" aliuliza Gidamis.

"Ukoo gani?"

"Ukoo wa huyu aliyeua! Zamani kwetu mtu akiua mnyama mkali, anapita kwa wajomba, kwa shangazi, kila boma linampa ng'ombe, wanawake wanamvisha shanga. Huyu anaondoka peke yake, anapekua mzoga kama fisi? Maskini. Ni yatima huyo." Akanyoosha mkono. "Lete hicho kidude. Kijana hana mtu wa kumwongoza."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, au kutengenezeka, kutegemea umemuuliza nani.

Mzee Zizi alishika pedi kwa mikono miwili, kifua mbele, na kwa kuwa alijua kitufe kimoja tu, cha kwenda, akaenda. Akapita mto. Akapita njia panda ambapo mtu alikuwa anapiga kelele za kuomba msaada, hakusimama. Mbele, kwenye bonde la majani, akasimama ghafla.

"Ng'ombe hawa wa nani?"

"Hao ni mapambo tu, babu. Tuendelee, joka liko kule juu."

Gidamis aligeuza shingo polepole. "Ng'ombe ni mapambo? Kijana, chunga mdomo wako. Ng'ombe wote hawa hawana mchungaji, mbwa mwitu wapo, tumewaona wenyewe, wewe unaniambia habari za joka?"

"Lakini dunia inaangamia!"

"Ikipona, watu watakunywa maziwa ya nani?"

Ikawa ni kuchunga. Mzee aligundua kuwa ukimsogelea ng'ombe kwa nyuma, naye anasogea mbele. Akamchagua mwenye baka jeupe, akamtanguliza, wengine wakafuata. Alipiga mluzi kuielekea runinga. Aliinama kulia ng'ombe walipopinda kulia. Fransiska, aliyeingia kushuhudia uchawi, alikuwa sasa amesimama juu ya benchi anapiga kelele: "Kuna ndama kabaki nyuma ya jiwe! Babu, ndama!"

Na ndipo sauti ikatoka mlangoni: "Natoa tamko!"

Alikuwa Mwenyekiti Julius, jina la kijiweni Tamko, mtu ambaye hata akiomba chumvi anaanza kwa maneno hayo. Kofia kichwani, tumbo mbele, macho tayari kwenye waya wa umeme.

"Shikamoo mwenyekiti," alisema Yasmini.

"Marahaba. Sikuja kusalimiana. Kuanzia sasa banda hili..." Akamwona Gidamis, aliyekuwa rika la baba yake. Tamko likakwama. "Shikamoo mzee."

Mzee hakusikia. Ndama alikuwa bado nyuma ya jiwe.

Sasa, Tamko angeweza kufunga banda, angeweza kufunga barabara, lakini kumpita mzee kabla hajaitikiwa hakuweza. Alisimama mkono umenyooshwa kuelekea swichi, kama mtu anayeonyesha njia. "Shikamoo mzee," alirudia. Hakuna jibu. Kwa kukosa pa kuangalia, akaangalia runinga.

Yasmini naye aliangalia, na akaona kile ambacho wachungaji walikuwa hawajakiona: ng'ombe wa mbele walikuwa wameingia kwenye ngano. Ngano ya watu, imekomaa, ina uzio na mama mwenye jembe katikati. Maneno yakamfika kooni. Safari hii hayakurudi.

"Mwenyekiti," alisema, "ng'ombe wameingia shambani."

Mkono wa Tamko ukashuka. Miaka yote ya uongozi wake, maneno hayo yalikuwa yakimwamsha kitandani, yakimtoa msibani, yakimnyanyua kwenye sahani ya nyama. Mwili wake haukujua namna nyingine ya kuyaitikia.

"Shamba la nani?" akavuta kigoda. "Mchungaji ni nani?"

"Mimi," alisema Gidamis. "Marahaba. Lakini ng'ombe si wangu, nawasaidia tu."

"Wote husema hivyo. Njia ya mifugo iko wapi?"

"Hawajaacha njia! Wamelima mpaka mtoni! Ng'ombe akanywe wapi?"

"Mzee, usipandishe sauti mbele ya kikao."

"Kikao gani?" aliuliza Hatibu.

"Hiki. Wewe ndiye mkalimani. Fransiska, kaa chini, wewe ni wajumbe. Mwiteni mwenye shamba atoe maelezo."

Hatibu akachukua pedi, akamsogeza kijana hadi kwa yule mama mwenye jembe, akabonyeza. Mama akasema sentensi moja.

"Anasema: Karibu mgeni, mwaka huu mavuno ni mema."

"Muulize hasara."

Akabonyeza tena. "Anasema: Karibu mgeni, mwaka huu mavuno ni mema."

"Mwambie ng'ombe wako nyuma yake wanakula."

Mara ya tatu, maneno yale yale, tabasamu lile lile, na nyuma yake yule wa baka jeupe anatafuna bila haraka. Tamko akavua kofia.

"Jamani," alisema kwa sauti ya chini, "tangu nianze kusuluhisha kesi, sijawahi kupata shahidi asiyebadilisha maneno."

Akasimama, akavaa kofia, akajikohoza. Yasmini alishika ukingo wa meza.

"Natoa tamko. Kesi hii ni nzito, naiahirisha hadi kesho. Mzee Gidamis atakuja bila kukosa. Mashine isizimwe, ng'ombe wasihamishwe. Na banda hili lisifungwe na mtu yeyote, hata na mimi, kwa sababu ndilo eneo la tukio."

Alipofika mlangoni, Hatibu akamkimbilia. "Mwenyekiti, na joka je? Linataka kuiangamiza dunia!"

Tamko akageuka, akatafakari kama kiongozi.

"Limelalamikiwa na nani?"

Hatibu akafikiri. "Hakuna aliyeleta malalamiko."

"Basi," alisema Tamko, akaenda zake.