Gari Linalozimika Nikiwa Katikati ya Sentensi

Kwa Mkuu wa Idara ya Injini,
Kiwanda Kilichounda Gari Letu Jipya.

Ndugu Mkuu,

YAH: INJINI KUJIZIMA KWENYE TAA NYEKUNDU, NA MADHARA YAKE KWA MTU MZIMA MWENYE MAMA MKWE

Salamu kwanza. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ikiwezekana umekaa, maana nina mengi. Sikuandikii kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo wiki iliyopita, nikaandika barua nyingine. Mke wangu akaisoma, akasema nimetukana hadi vipuri, nikaichana. Hii ni ya pili na nimeiandika kwa utulivu, baada ya chai.

Mimi ni mkutubi. Kazi yangu ni kunyamaza na kuwanyamazisha wengine. Kutwa nzima nikitaka kusema jambo naweka kidole mdomoni, hata kama anayepiga kelele ni mimi mwenyewe. Nikirudi nyumbani, mke wangu, ambaye ni mkunga, ama yuko zamu ama amelala kwa ajili ya zamu. Anayebaki ni mama yake, tunayeishi naye, na yeye yuko kwenye taarifa ya habari. Nyumbani kwetu taarifa ya habari haikatizwi, hata nyumba ikishika moto mtasubiri hali ya hewa. Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, mahali pekee nilipokuwa na uhuru wa kufungua mdomo ni garini.

Gari letu la zamani tuliliita Ngurumo. Ekzosi yake ilitoboka, fundi akataka kuiziba, nikamkatalia katakata. Ndani ya Ngurumo mtu aliweza kusema lolote. Mke wangu pembeni, mama mkwe kiti cha nyuma, nami katikati ya kelele ile natoa yote ya moyoni, midomo inacheza, na hakuna anayeambulia hata herufi moja. Wao walidhani naimba. Nikifika niendako nimekuwa mwepesi, sina kinyongo na mtu, nawafungulia milango mmoja mmoja. Hiyo ndiyo siri ya ndoa yetu, na nashangaa wataalamu hawaifundishi.

Ngurumo akafa kifo cha uzee, tukanunua gari lenu. Zuri, sikatai. Mama mkwe amelipa jina la Mstaarabu. Mke wangu amelipamba. Pale karibu na gia ametandika kitambaa alichofuma kwa mkono wake, na kuhusu kitambaa sina malalamiko yoyote. Malalamiko yangu ni haya.

1. Siku ya kwanza. Tumefika taa za njia panda, nyekundu, nikakanyaga breki, injini ikazima. Haikupunguza sauti, ilizima kabisa, kimya kama chumba chetu cha kusomea. Nikasema basi, tumeuziwa maiti. Nikawasha taa za hatari na kutoa kichwa dirishani. Muuza magazeti wa pale njia panda, mtu mwenye moyo kweli, akaita wenzake wakaja kutusukuma. Nikaachia breki ili wapate kusukuma, na papo hapo injini ikawaka. Wee! Walishangilia utadhani wamefufua mtu. Tangu siku hiyo muuza magazeti anaamini gari letu linawaka kwa mikono yake. Kila asubuhi akituona anaweka magazeti chini, anakunja mikono ya shati na kusimama tayari nyuma yetu. Nimeshindwa kumwambia ukweli, nawe ungemwona uso wake usingeweza.

Utaniuliza kama nimesoma kitabu cha maelekezo. Ndugu Mkuu, mimi si mtu wa kudharau kitabu. Siku ileile nilikipeleka maktaba, nikakipa namba, nikakigonga muhuri wa HAKITOKI NJE na kukiweka rafu ya rejea. Ni kitabu kizuri na kiko salama sana. Lakini kwa kanuni niliyoiandika mwenyewe, hakiruhusiwi kutoka kwenda kwenye gari, na mtumishi haruhusiwi kusoma saa za kazi. Siwezi kuvunja kanuni kwa ajili ya jamaa, na hapa jamaa ni mimi.

2. Mama mkwe. Gari lenu likiwa linatembea, na kiyoyozi nimekifungulia hadi mwisho, kelele inatosha kwa mtu anayesema chinichini. Mdomo wangu nao umezoea; magurudumu yakianza, nao unaanza. Basi siku moja tunampeleka mama kupimwa macho, nami nikawa natoa ya moyoni kama kawaida: kwamba huyu mama alikuja kwa wiki mbili, kwamba hizo wiki mbili sasa zinaelekea kumaliza shule, na kwamba akiendelea kuning'ang'ania kiti changu cha sebuleni nitahamia maktaba. Nilipofika kwenye "nitahamia maktaba", taa ikawa nyekundu. Injini pwi. Kiyoyozi nacho kikanyamaza. Maneno hayo yakatoka peke yake, mazima, yamenyooka, yakazunguka gari lote. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe akauliza, kwa adabu kabisa, kama huko maktaba kuna kitanda.

Nilidhani atanuna, na kwa kweli ningeshukuru angenuna. Lakini huyu mama, ambaye enzi za Ngurumo alikuwa hapandi gari mpaka abembelezwe, sasa hakosi safari. Nikienda kununua kiberiti, yumo. Nikisogeza gari kivulini, yumo, na mto wake wa kukalia. Anakaa katikati ya kiti cha nyuma, ameinama mbele kidogo, anasubiri taa nyekundu. Anasema hata taarifa ya habari siku hizi haina ladha. Na haya mafuta mnayojisifu kutuokolea kwenye taa, anayamaliza yeye kwa safari zisizo na kichwa wala miguu.

3. Mkuu wa Maktaba. Mvua ilimkuta, nikampa lifti. Ni mama mwenye heshima zake, ila ana viatu vya visigino ambavyo vikipita chumba cha kusomea wasomaji wanashika meza. Njiani nikawa namweleza hayo kwa mtindo wa Ngurumo, yaani chini ya kelele, bila nia ya yeye kusikia. Nikahitimisha kwamba kelele ya maktaba nzima ni yeye, na hakuna wa kumwambia. Injini yenu ilizima kabla ya "hakuna wa kumwambia". Akanitazama, akasema kwa upole kwamba sasa ameambiwa. Wiki iliyofuata nikahamishiwa chumba cha watoto, ambako kelele ipo ya kutosha, lakini watoto wana tabia ya kurudia kila wanachosikia, tena kwa wimbo.

4. Mke wangu. Hapa naomba katibu wako atoke kidogo.

Kila asubuhi akiwa na zamu, tukikaribia kliniki, nilikuwa na maneno yangu. Sitayaandika yote. Kwa ufupi ni kwamba asipokuwepo nyumba inakuwa kubwa, kwamba chai ninayojipikia haina maana, na kwamba namwogopea siku za zamu ndefu jinsi anavyorudi miguu imevimba, lakini sijui kuanzia wapi kumwambia. Maneno hayo nimeyasema ndani ya Ngurumo miaka yote, na yalikuwa salama. Gari lenu limeyatoa nje siku ya tatu tu. Ilikuwa taa ya mwisho kabla ya kliniki. Mke wangu akageuka, akaniuliza naongea na nani. Nikamjibu kwamba nalisemesha gari. Akasema basi niliambie tena, huenda halikusikia vizuri.

Taa ikawa kijani, nikakimbia kama mwizi.

Tangu hapo, badala ya kupita njia ya nyuma ya kliniki, ambayo ni fupi na haina taa hata moja, anataka tupite barabara ya sokoni, ambayo taa zake zimepangana kama meno. Anasema anapenda kutazama maduka. Saa hizo maduka yamefungwa! Nami nimeamua kunyamaza. Juzi nilinyamaza safari nzima, kwenda na kurudi, kifua kikanijaa, nikaishia kujifungia kwenye kabati la mifagio pale kazini nipate kusema mawili matatu. Watoto walinikuta. Sasa wanao wimbo mpya kuhusu miguu iliyovimba.

Kwa hiyo nakuuliza kwa heshima: maktaba nanyamaza, sebuleni nanyamaza, na garini mnaninyamazisha. Nikasemee wapi? Mtu asiposema mahali anaoza kwa ndani, na mke wangu atabaki anaishi na kabati.

Ninaomba mambo machache tu. Injini kabla ya kuzima ipige kengele, kama sisi maktaba tunavyopiga kabla ya kufunga, ili mtu amalize sentensi na kukusanya vitu vyake. Hilo likiwashinda, fungeni kipaza sauti kitakachonguruma wakati injini imezima. Sauti ya Ngurumo ninayo, niliirekodi siku ya kumuaga. Hilo nalo likiwashinda, leteni mtu wenu, amevaa tai, amwambie mama mkwe kwamba yale ya maktaba yalitoka kwenye redio. Na kama hata tai hamna, basi shirikianeni na wahusika mzing'oe taa zote za barabarani, magari yasisimame kamwe. Naona hili la mwisho ndilo rahisi kuliko yote, maana halihitaji kugusa injini.

Nisalimie mafundi wote kiwandani, wa zamu zote, pamoja na anayefagia. Msalimie kwa namna ya pekee aliyebuni kitu hiki. Ninaamini hajaoa, au kama ameoa, anatembea kwa baiskeli.

Ni mimi, mteja wenu ninayesema kwa maandishi kwa kukosa kwingine,

Mkutubi
(Chumba cha Watoto, kwa muda)

Nakala: Msimamizi wa Taa za Barabarani.

N.B. Barua nilikuwa nimeshaifunga, nikalazimika kuifungua. Leo muosha magari wa mtaani kwetu, tunayemwita Povu, alikiondoa kile kitambaa karibu na gia ili akikung'ute. Chini yake kuna kitufe, kina herufi A iliyozungukwa na mshale. Povu akaniuliza kwa nini nateseka: ukiwasha gari unakibonyeza mara moja, injini haizimi tena kwenye taa safari nzima, madereva wote wa teksi wanajua.

Nikaingia ndani, kitambaa mkononi. Mke wangu alikuwa anapiga pasi sare yake. Hakuacha hata pasi. Akasema kitufe anakijua tangu wiki ya kwanza, na kitambaa alikifuma kwa ajili hiyo. Akasema miaka yote ndani ya Ngurumo alikuwa ananitazama midomo inacheza, anajiuliza mume wangu huyu anasema nini, na kwa nini hanisemeshi mimi. Sebuleni mama mkwe akapunguza sauti ya taarifa ya habari, mara ya kwanza tangu ahamie, akasema kitufe hata yeye alikuwa anakijua.

Kitambaa nimekirudisha mahali pake. Yote niliyoomba hapo juu naomba myapuuze, isipokuwa kengele, kama inaweza kulia kiti cha nyuma peke yake, masikioni mwa mama mkwe. Barua naituma kwa sababu stempu imeshabandikwa.

Jioni hii tumempeleka mke wangu zamu, kwa barabara ya sokoni. Taa ya njia panda ikatukuta ya kijani. Nikasimama. Injini ikazima, honi zikaanza nyuma yetu, na muuza magazeti akatupa magazeti chini akaja mbio kutusukuma. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri kwanza, sijamaliza kusema.