Maisa Anyonya Angani

Jumapili, 1 Juni

Habari mbaya ofisini. Baada ya Idi mmoja wetu atahamishiwa tawi la Adrar, huko jangwani. Ama mimi, ama Toufik wa meza ya pili. Atakayechagua ni mkurugenzi, Bwana Abdelhafid, ambaye kwa heshima sote tunamwita "Si Abdelhafid". Toufik kasema mimi ndiye ninayefaa, kwa kuwa ni mwembamba na sitatoa jasho jingi. Akacheka peke yake. Naogopa nge. Naogopa joto. Naogopa hata picha za ngamia.

Lakini nina silaha! Juzijuzi Si Abdelhafid aliona picha ya binti yangu Maisa, wa miezi sita, akasema huyu atamposea mwanawe Iyad, wa miezi minane. Wenzangu wakadhani ni mzaha. Mtu wa cheo chake hafanyi mzaha saa za kazi. Na nani atampeleka baba wa mkwewe jangwani?

Jumatatu, 2 Juni

Nimepeleleza. Si Abdelhafid anapanda ndege kesho kwenda kwao Annaba kwa Idi, pamoja na mkewe na mtoto. Na kwetu ni Annaba! Nimepata tiketi ya ndege ileile. Watoto watakaa karibu, watachekeana, wazazi watalainika.

Tatizo ni Wassila, mke wangu. Anasimamia mitihani shuleni, hawezi kuondoka kabla ya Alhamisi. Kasema tumsubiri. Nikasema mama anamlilia mjukuu. Kasema Maisa bado ananyonya, si mkoba wa kubeba kwapani. Nikambembeleza hadi sauti ikakauka. Mwishowe akakamua maziwa chupa mbili, akanikabidhi huku akinitazama kama mtu anayemkabidhi fisi bucha.

Jumanne, 3 Juni

Siku gani hii!

Uwanja wa ndege, askari wa ukaguzi aliinua chupa akauliza kuna nini ndani. Maziwa ya mtoto, afande. Akaniamuru nionje. Ile sare ilinimaliza nguvu. Nikanywa. Hakusema nikomee wapi! Nilipomaliza ya kwanza nikaogopa atashuku ya pili, nikainywa nayo. Askari akaniuliza, kwa upole, kama nyumbani huwa sipewi chakula.

Maziwa ya kopo yalikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilishakwenda na mizigo. Ndege ikachelewa. Maisa alivumilia mpaka tulipoambiwa tufunge mikanda. Hapo akafungua koo.

Kiti nilikuwa nimeshabadilishana na mzee mmoja, kwa hiyo nilikaa ubavuni mwa Bi Zoulikha, mke wa mkurugenzi, aliyempakata Iyad. Kila kitu tayari, isipokuwa mtoto wangu alikuwa anapiga kelele kama king'ora. Nikampa maji. Akayatema kwenye shati langu. Nikamwimbia. Akazidisha.

Bibi mmoja kiti cha nyuma akapayuka, "We baba, mpe mtoto maziwa!"

Nikasema yameisha.

"Kayamaliza nani?"

Nikajifanya nafuta shati.

"Mtazameni masharubu yalivyo meupe!"

Safu nne zikacheka. Si Abdelhafid naye akacheka. Nikatamani mlango wa dharura.

Ndipo Bi Zoulikha akampa mumewe Iyad, akaninyooshea mikono. "Lete mtoto, ndugu yangu, utamuua kwa njaa." Akamfunika Maisa kwa mtandio. Kimya. Kimya kitamu! Mke wa mkurugenzi anamnyonyesha binti yangu! Si Abdelhafid akanipiga bega, akasema sasa sisi ni jamaa moja. Machozi yalinilenga. Adrar, kwaheri!

Bibi wa nyuma akainua viganja, akashukuru Mungu kwamba Iyad kapata dada.

Dada?

Dada! Ndugu wa kunyonya hawaoani. Hilo nalijua tangu chuoni, tena nilikuwa wa kwanza darasani. Na mimi nimekaa pale, mkanda umenibana tumbo, nikitabasamu huku posa inanyonywa mpaka tone la mwisho.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda kwa imamu wa mtaani kwetu. Nikamwuliza kama mara moja inahesabika, maana nimesikia wapo wanaosema hadi mara tano. Kasema hao ni wa madhehebu mengine, kwetu sisi funda moja linatosha. Nikauliza, na angani je? Kasema ziwa ni ziwa. Akataka kujua nahuzunika nini, na binti amepata mama wa pili. Nikamweleza. Akavua miwani, akafuta macho. Alikuwa anacheka!

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Wassila alifika jana, kamkumbatia Maisa, mimi kanipa mkoba. Leo tumekwenda kumwamkia Si Abdelhafid. Katukaribisha kama ndugu, kamwita Maisa "binti yangu", katupa paja zima la kondoo. Kisha akanivuta ukumbini. Kasema alikuwa ameshaamua kumpeleka Toufik. Lakini sasa tumekuwa jamaa, na akinibakiza mimi ofisi nzima itasema anabeba watu wake. Kwa hiyo Adrar nitakwenda mimi. Kasema anajua nitamwelewa.

Nikasema nimeelewa. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Njiani Wassila kasema ningekaa tu nyumbani nikala Idi kwa utulivu, angekwenda Toufik. Paja lilikuwa zito.

Jumapili, 8 Juni

Nimefikiri sana. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ni kwamba jamaa wa mkurugenzi ni mmoja tu. Wakiwa wawili, upendeleo hauna pa kukaa, atalazimika kuchagua upya kwa haki.

Na Toufik ana mtoto wa miezi minne!

Nimempigia simu, nimemwalika yeye na familia yake waje wapunge upepo wa bahari kwetu, siku mbili tu. Kisha nikapita kwa Bi Zoulikha, nikamwambia kwa masikitiko kwamba mke wa Toufik maziwa yamemkauka na mwenyewe anaona haya kusema. Bi Zoulikha kashika kifua kwa huruma. Kasema waje moja kwa moja kwake.

Toufik amekubali. Kasema hakujua kama nampenda mwanawe kiasi hiki.