Beji za Timu Babu

6 Machi, Jumatano
Watu wengi hukosea jambo moja: hubandika pini katikati ya beji. Beji huinama kama mlevi! Pini hukaa juu, karibu na ukingo. Nimewaeleza haya wajukuu na watoto wa jirani tangu chai ya saa nne hadi jua kuzama. Wawili walisinzia. Wepesi wa kuelewa huchoka mapema.

Habari kubwa: mkutubi wa maktaba ya mtaa atampa mtu mmoja tu meza ya ufundi wa watoto kila Jumamosi. Ni mimi au dada yangu mdogo, fundi cherehani. Watoto watachagua kwa kuvaa beji ya wanayemtaka. Meza ile naitaka! Tangu nistaafu ualimu nimebaki kumfundisha paka, naye hana nidhamu.

7 Machi, Alhamisi
Dada kapita kuchungulia. Beji zake ni za kitambaa, zimetariziwa ua. Nikamwambia ua si hoja. Akajibu kwamba hoja zangu anazijua, kaka ni redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Watoto wakaangua kicheko. Wivu tu.

Mkakati wangu: kadibodi ya boksi la viatu, na juu yake herufi za karatasi inayong'aa: BABU. Nani atatazama ua tena?

8 Machi, Ijumaa
Kazi imekwisha! Mjukuu wangu kitindamimba ndiye aliyebandika herufi. Aliuliza, herufi A hazionekani, aweke U? Nilikuwa katikati ya somo la gundi. (Paka kidogo, kisha subiri.) Nikamwambia weka mama, weka, usinikatize.

Jioni nikavaa miwani. Beji zote: BUBU.

Dada alipita tena, akacheka hadi akakalia mkasi. Eti dua yake ya miaka mingi imejibiwa. Karatasi imekwisha, maduka yamefungwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Zitavaliwa hivyo hivyo!

9 Machi, Jumamosi
Ushindi! Watoto walizigombania. Wakajitungia mchezo papo hapo: aliyevaa Bubu hasemi, anaashiria kwa mikono tu. Maktaba ikanyamaza kama kisima. Maua ya dada yalibaki mezani, hayana mwenyewe. Mkutubi alikaribia kulia. Akasema hajawahi kuona mwalimu anayefundisha ukimya kwa kadibodi, na meza ni yangu. Dada mwenyewe akanivika Bubu kifuani, akaniomba kwa heshima zote niitendee haki. Heshima iliyoje!

Nikashukuru kwa hotuba fupi kuhusu thamani ya kunyamaza. Mkutubi alipozima taa nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia sehemu ya pili. Watoto waliniashiria kwa mikono yote miwili. Bila shaka walitaka niendelee.

Funzo ni dhahiri: watoto wana njaa ya maelezo. Basi leo hii mketishe mtoto mmoja karibu nawe, mpe kadibodi na mkasi butu, kisha umweleze kila kitu.