Ng'ombe Sitini na Watatu

Jumatatu, 4 Novemba

Somo la kampeni limeanza. Ndilo la kufungia uzamili wetu wa uhusiano wa umma: unatafuta mteja wa kweli, unamfanyia kampeni ya kweli. Mteja akikukimbia, hutahitimu. Dk. Pudensiana alipouliza nani tayari ana mteja, nilisimama peke yangu. Kikundi cha Namelok, akina mama wauza mtindi wa Ngaramtoni. Mwenyekiti ni shangazi yangu Naserian. Nikajitangaza kiongozi. Twahira, niliyepangwa naye, akasema kiongozi huchaguliwa. Tuko wawili. Nilijipigia kura, naye akajipigia. Ila shangazi ni wangu, kwa hiyo kura yangu ina uzito.

Jumatano, 6 Novemba

Dk. anataka takwimu. Basi nimedamka hadi kwa shangazi, ng'ombe wakitoka bomani nikawahesabu kwa kidole. Mumewe, mzee Yiamat, akaniuliza natafuta nini. Nikamwamkia, nikasema nawatamani tu. Marehemu bibi alikuwa anatuchapa tukihesabu ng'ombe au watoto, eti tunaita balaa. Lakini bibi hakusoma uzamili. Twahira ameshauri tuwaulize wazee kwanza. Mtoto wa Tanga ananifundisha Uarusha, mimi Lesian!

Alhamisi, 7 Novemba

Siku ya soko. Bango langu limepanda Ngaramtoni, jekundu, linasomeka toka barabarani: MTINDI WA NG'OMBE 63. Kila mzee aliyepita alisimama. Nikajua imegonga. Kisha akina mama wakafunika ndoo zao kwa shuka, wakaondoka. Mzee Yiamat akachomoa sime, akakata ile namba tu, bango likabaki na tundu. Jioni ng'ombe wake mmoja akavimba tumbo. Shangazi akapiga simu kusema kikundi hakitujui tena. Niliumia, sitaficha. Nililala na viatu.

Jumamosi, 9 Novemba

Twahira amekwenda bomani peke yake, na sukari na majani ya chai. Ameketi na wazee kutwa, ameniombea radhi. Ng'ombe amepona na kikundi kimerudi. Sharti: kiongozi ni Twahira, nami nikifika pale mikono ikae mfukoni. Mfukoni, msomi mzima!

Jumatatu, 11 Novemba

Dk. amemsifu Twahira mbele ya darasa. Eti namna alivyotuliza janga ni mfano wa kuigwa. Nilipiga makofi kuliko wote, maana janga lenyewe alilipata wapi? Mwenye janga ni mimi. Bila mimi angetuliza nini? Nilitembea kutoka darasani kifua mbele.

Wala mimi si mkaidi. Somo limeniingia: ng'ombe hawahesabiwi. Wana wenyewe, na wenyewe wana hasira. Kampeni inataka namba ya kugusa moyo. Jana baada ya ibada nilipita kwa shangazi, mikono mfukoni kama nilivyoagizwa, nikahesabu kwa macho tu. Bango jipya liko kwa mchapaji. Twahira hajui, nataka kumshangaza. Alhamisi litapanda sokoni, kubwa kuliko la kwanza: MTINDI ULIOKUZA WATOTO 41. Wajukuu wa mzee Yiamat nimewaweka mwanzo, mmoja mmoja kwa jina. Mzee atalia kwa furaha.