Kamati ya Mistari na Kofia ya Ikupa

Ninayo furaha kuwatangazia wakazi wote wa Tukuyu, Kisiba, Matwebe na kokote habari hii itakakofika, kwamba tishio la mistari limedhibitiwa. Hakuna aliyepoteza maisha. Mashati kumi na tisa yalitiwa mbaroni, pamoja na kofia nne ngumu. Mimi mwenyewe nilikuwa mjumbe wa Kamati iliyofanya kazi hiyo, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyapigia kura.

Mtauliza bibi wa Kisiba, aliyeishia darasa la nne, aliingiaje kwenye Kamati. Nitafika hapo. Kwa umri wangu mtu hufika, ila taratibu.

Yalianza miaka ile ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ilipokuwa bado mpya. Zamani kidogo tulipanga foleni asubuhi nzima kwa ajili ya kipande cha sabuni, tukikipata tunashukuru, tukikikosa tunashukuru vilevile, maana mwenye duka alikuwa anaangalia. Sasa nguo za mitumba zilikuwa zinashuka kwa marobota. Pale sokoni Tukuyu muuzaji wake mkubwa alikuwa Hafidhi, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na cherehani kichwani. Siku moja Hafidhi alifungua robota akitarajia masweta, maana kwetu jua huchomoza kwa kuomba ruhusa kwa mvua. Yakatoka mashati yenye mabega ya kutosha watu wawili na mbuzi. Mikononi yalizungukwa na mistari kama pingili za jongoo. Mwishoni zikatoka kofia nne ngumu, zenye wavu wa chuma mbele ya mdomo.

"Hizo za wafuga nyuki," alisema mama mmoja.

"Nyuki gani hao wanaopiga ngumi?" Hafidhi akamjibu.

Akachukua kofia moja ya bluu. Ilikuwa na mistari mitatu kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, mwekundu katikati na mweupe kila upande. Akaigonga kwa kidole: ngo, ngo, ngo. Kisha akamtazama mjukuu wangu Ikupa, aliyekuwa amenishika kanga. Alikuwa na miaka saba, na juu ya jicho alikuwa na kidonda kibichi.

"Kaanguka tena, bibi?"

"Juzi. Kwenye figa."

Ikupa ana kifafa. Vidonge vyake hospitali hupatikana vikipatikana. Ugonjwa wenyewe hautumi barua: mtoto anachambua maharage, mara yuko chini. Mimi sikuwa naogopa kuanguka kwake, watoto wote huanguka. Niliogopa kinachomsubiri chini: mafiga, mawe, ukingo wa ngazi.

Hafidhi alimvisha ile kofia. Ikapwaya. Akatafuta kwenye robota jingine, akapata soksi za watoto wachanga, akazishindilia huku na huku mpaka ikatulia.

"Hii, bibi, imetengenezwa kwa mtu aliyejua kwamba ataanguka. Chukueni."

"Hafidhi mwanangu..."

"Chukueni, bibi. Kaeni nayo. Sokoni hapa vichwa vingine vyote vinaangushwa na pombe, havistahili."

Mwezi ule Ikupa alianguka mara nne. Mara zote nne aliamka, akauliza kama maharage yamemwagika.

Sasa namleta Mheshimiwa Ambindwile. Alikuwa mkubwa wa ofisi moja pale mjini, na ofisi yenyewe sitaitaja kwa sababu imepakwa rangi upya. Ujanani alipitia mafunzo ya mgambo wiki sita, akatoka bila mstari hata mmoja begani, na nadhani jambo hilo halikumwacha salama. Alikutana nasi njiani, Ikupa akiwa na kofia yake.

"Nani amempa mtoto huyu usajenti?"

Niligeuka nyuma nione anasema na nani.

"Mistari mitatu, mama! Askari hukitolea jasho miaka kumi cheo hicho. Huyu amefanya nini?"

"Ameanguka, tata," nikamwita baba, kwa heshima ya kwetu. "Ni kofia tu, ya kulinda kichwa."

"Ruksa ya nguo siyo ruksa ya vyeo," akasema, akamvua. Nisimsingizie: aliipokea kwa mikono miwili, akainama akamwambia mtoto pole. Alilelewa vizuri yule. Ni cheo kilichokuja baadaye kikakuta nafasi.

Haikupita wiki, Waraka ukatoka. Ulipigwa chapa na Doreen, msichana wa pale ofisini, bila kosa hata moja, jambo linalosikitisha nikikumbuka ulichokuwa unasema. Ulisema kila mstari katika vazi lililotoka nje ya nchi utahesabiwa kuwa cheo mpaka ithibitike vinginevyo. Mstari mmoja ni balozi wa nyumba kumi. Miwili ni mwenyekiti wa kijiji. Mitatu na kuendelea ni maofisa. Vazi lisilo na mstari ni raia. Na kwamba mwenye mistari michache atampisha mwenye mistari mingi na kumpigia saluti, bila kujali umri, jinsia wala cheo cha awali. Maneno hayo ya mwisho aliyaongeza Mheshimiwa mwenyewe kwa kalamu, ili watu wasipate pa kutorokea. Naomba myakumbuke.

Mashati ya Hafidhi yakakusanywa. Aliyekuwa ameshanunua akavuliwa barabarani, akarudi nyumbani kifua wazi kwa usalama wa taifa.

Mimi nilimfunga Ikupa kichwani kanga mbili zilizoshonwa pamoja, nikaenda kuiomba kofia. Nilikaa kwenye benchi la ofisi siku tatu. Siku ya kwanza Mheshimiwa alikuwa kwenye kikao. Siku ya pili alikuwa anapumzika kutokana na kikao. Siku hiyohiyo Ikupa aliteleza nje pale akaanguka kwenye kokoto, kanga ikalowa damu. Doreen alikimbia na beseni la ofisi, akamsafisha kwa leso yake mwenyewe. Siku ya tatu akatoka tena mlangoni, akanitazama kwa makini.

"Samahani, bibi. Wewe ni mwanamke?"

"Tangu zamani."

"Ingia ndani haraka. Waraka unataka Kamati iwe na mjumbe mmoja mwanamke na akidi haijatimia."

Hivyo ndivyo nilivyoingia serikalini.

Nilipewa kiti chenye mto na chai ya maziwa. Kofia ya mjukuu wangu ilikuwa katikati ya meza juu ya taulo, kama mgonjwa. Ajenda ya kwanza ilikuwa kumsikiliza mtaalamu. Naye alikuwa Mwalimu Andrea, aliyewahi kukaa Marekani miezi tisa akisomea ng'ombe.

"Mheshimiwa, haya ni mavazi ya mchezo," alisema Andrea. "Wamarekani wana mpira wao. Unashikwa kwa mikono, na umechongoka kama papai. Wanagongana sana, ndiyo maana ya kofia."

"Na mstari wa katikati ya kofia?"

"Ni pambo. Labda na aliyekaa mbali aone upesi kichwa kimeelekea wapi."

"Kwa hiyo unakiri kwamba mstari unaonyesha mwelekeo."

"Wa kichwa, ndiyo."

"Na nani hutoa mwelekeo, Mwalimu, kama si kiongozi?"

Andrea akanywa chai.

"Na mistari ya mikononi?"

"Hiyo ni ya timu. Kila timu ina rangi zake na idadi yake, ukiiona kwa mbali unajua ni nani. Timu moja wote wanavaa sawa."

"Wote? Nahodha na yule anayekaa benchi mchezo mzima?"

"Sawasawa kabisa."

Wajumbe wakacheka kwa huruma. Mheshimiwa akamwamuru Doreen aandike kwamba Kamati inamshukuru mtaalamu, ila maelezo yake hayalingani na mazingira yetu.

Tukafika mengineyo. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kofia isiyo na mstari ina cheo gani?"

"Haina. Ni raia."

"Imeandikwa?"

Akafungua Waraka, akaweka kidole. "Kifungu cha nne."

"Basi naomba kisu."

Wakati wao wanajadili mwelekeo, mimi nilikuwa naitazama kofia. Niliona pembe ya mstari mwekundu imeinuka kidogo, kama ganda la kiazi kilichoiva. Haikupakwa rangi ile mistari, ilibandikwa. Andrea akanishikia kofia, nami nikamenya, kama ninavyomenya ndizi za mbalaga kila siku ya Mungu. Ikatoka yote mitatu, mizima. Nikailaza mbele ya Mheshimiwa.

"Vyeo hivi hapa, tata. Ofisi ibaki na vyeo. Mimi nibaki na raia."

Alitafuta kifungu cha kukataa. Akarudi mwanzo, akatafuta tena. Wajumbe waliokuwa na njaa wakanyoosha mikono kuunga mkono, na kikao kikafungwa. Doreen aliandika kwamba mistari mitatu imekabidhiwa ofisini ikiwa katika hali nzuri. Tulipokuwa tumefika barabarani alitukimbilia kwenye mvua, ana soksi moja ya kichanga mkononi. Ilikuwa imedondoka.

Mngedhani yameishia hapo. Lakini Kamati ikishafanikiwa lazima izinduliwe. Akaalikwa Mgeni Rasmi, mkubwa kutoka juu kabisa, aje kuzindua rasmi Udhibiti wa Mistari pale uwanjani. Wajumbe wote wa ofisi walivaa mashati yaliyokamatwa. Nilipouliza nikaambiwa ni kuyakinga na nondo. Mheshimiwa Ambindwile alichagua lenye mistari mitano kila mkono. Ile mitatu ya Ikupa alikuwa ameibandika kwenye kofia yake ya kitambaa kwa gundi ya fundi viatu.

Mgeni Rasmi alikuja amevaa suti ya kijivu ya mikono mifupi. Kavu. Haina hata uzi wa rangi nyingine.

Nilikaa mstari wa mbele kama mjumbe, Ikupa na kofia yake ubavuni. Mheshimiwa akausoma Waraka kwa sauti ya kufikia ng'ambo ya bonde. Alipofika kwenye "bila kujali umri, jinsia wala cheo cha awali," Mgeni Rasmi akainua kidole.

"Soma tena hapo."

Akasoma tena. Safari hii sauti iliishia safu ya tatu.

Mgeni Rasmi akautazama mkono wake wa kushoto, akautazama wa kulia, akainama akakagua suruali. "Mimi sina hata mmoja. Wewe unayo mingapi?"

Mheshimiwa alikuwa amepatwa na kikohozi. Nikaona mjumbe mwenzangu anahitaji msaada.

"Kumi na mitatu, mheshimiwa," nikasema. "Mikononi kumi, kichwani mitatu."

Mgeni Rasmi akasimama, akapiga saluti mpaka kisigino kikalia, akampisha kwenye kile kiti kikubwa. "Karibu ukae, mkubwa wangu."

"Mheshimiwa, tafadhali..."

"Kaa. Ni Waraka."

Akakaa kama mtu aliyekalia majivu ya moto.

"Sasa mimi raia nina swali," Mgeni Rasmi akasema. "Barabara ya Matwebe itachongwa lini?"

"Li... litashughulikiwa."

"Tarehe. Andika tarehe."

Watu wa Tukuyu foleni tunazijua. Tulipoona imeanza, tukajipanga nyuma ya Mgeni Rasmi bila kuambiwa. Hafidhi akauliza mashati yake yatarudi lini. "Andika tarehe," akasema Mgeni Rasmi. Nami nikafika mbele, nimemshika Ikupa mkono.

"Mkubwa, nauliza vidonge vya mtoto..."

Mkono ukaniponyoka. Ikupa alikwenda chini mzima mzima, kichwa kikafikia kwenye ngazi ya saruji ya jukwaa. Ngo.

Aliyekuwa karibu zaidi ni Ambindwile. Alikiacha kiti, akapiga magoti, akamlaza mtoto ubavu kama nilivyomwelekeza, akalivua lile shati la mistari kumi akamkinga nalo mvua iliyokuwa inaanza. Alikaa hivyo mpaka mwisho, mgongo wazi, akiitazama ile kofia. Mahali ilipopiga saruji palikuwa na mchubuko mrefu. Ikupa alipofumbua macho akauliza kama amemwaga kitu.

"Hujamwaga, mwanangu," akasema Ambindwile. Kisha akachukua kalamu, akaandika tarehe bila kuambiwa.

Waraka ulifutwa kwa waraka mwingine. Hafidhi alirudishiwa mashati kumi na nane. La kumi na tisa, lililomkinga Ikupa, alisema liachwe tu, limepata kazi.

Jumamosi iliyoandikwa, nilisikia hodi pale kwangu Kisiba. Alikuwa Ambindwile, kwa miguu, ana vidonge vya miezi mitatu kwenye bahasha. Mkono wa pili alikuwa na kofia yake ya kitambaa, na ile mistari mitatu imeng'ang'ania.

"Nimejaribu mafuta ya taa, nimejaribu wembe. Ofisini wananipigia saluti mpaka wafagiaji." Akashusha sauti, akaniita kama tunavyowaita mama zetu kwetu. "Juba, ile ya mtoto uliibanduaje?"

"Ile ilikuwa rahisi, tata. Mtoto hakujibandikia mwenyewe."

Nikamwekea mbalaga, akala. Nikapasha maji, nikaloweka, nikavuta polepole. Mistari ikatoka, ikatoka pamoja na kitambaa, likabaki tundu la kupita ngumi. Nikatia kiraka cha khaki ya shati la marehemu mume wangu, rangi moja, nikampa.

"Sasa ni raia," nikamwambia.

Akaivaa. Alipokuwa anatoka, Ikupa naye alikuwa anaingia na ungo wa maharage, kofia ya bluu kichwani. Kwa hesabu ya Waraka walikuwa sawa kabisa, yeye hana na huyu hana. Ambindwile akasogea pembeni ya mlango, akampisha.