Dina Hayupo

Jumatatu, 24 Juni 2024

Mtu mwenye bahati kunishinda mimi, Ikungi hii bado hajazaliwa. Kamati ya jubilei ya shule yetu ya msingi imekaa, imepiga kura, zote zimeniangukia mimi Damiani. Bila kuomba! Nitengeneze programu ya orodha ya wanafunzi wa zamani watakaokuja Jumamosi, shule ikitimiza miaka hamsini. Kuna watu hapa wamemaliza vyuo. Hawakuonekana. Nimeonekana mimi na kozi yangu ya kompyuta ya Morogoro. Ilikuwa ya miezi mitatu, nilihudhuria wiki tatu, zikanitosha.

Hezekia, katibu wa kamati, amenuna. Ana cheti, ana miwani, alitaka daftari. Nimemwambia nimeishi Dar, nimefika Tunduma, daftari ni la muuza duka.

Kazi yenyewe ina uzito. Mwalimu Yustina anakuja. Ana miaka themanini na tatu, macho yanamwacha, na ameomba ashike mkono wa kila aliyemfundisha. Mwenye jina kwenye orodha atapewa beji, ataingia turubai la Mwalimu. Asiyekuwamo, turubai la wageni, upande wa upepo.

Jumanne, 25 Juni

Majina mia nne yameingia, yamepangwa kwa alfabeti. Agnes mbele, Zuhura nyuma. Na kutafuta? Programu haianzi mwanzo kama karani mvivu. Inafungua katikati, kwenye Magdalena. Jina unalotaka liko kabla yake? Nusu yote ya nyuma inatupwa. Inafungua tena katikati ya nusu iliyobaki. Mara tisa kwa wingi, mtu kapatikana!

Ndivyo Mwalimu Yustina alivyotufundisha kutafuta neno kwenye kamusi. Shule nzima ilikuwa na kamusi moja, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Dina, mwenzangu wa dawati, alikuwa analipata neno kabla mimi sijalamba kidole.

Nimejaribu programu kwa kutafuta "Damiani". Nipo. Nimejaribu tena. Nipo.

Alhamisi, 27 Juni

Niliipa programu nafasi za watu mia nne. Leo wa mia nne na moja akabisha hodi. Nilijua itagoma. Wapi! Imetafuta mahali papana mara mbili ya pale pa kwanza, ikawahamisha wote kwa mpangilio wao.

Nimekumbuka 1988. Darasa la sita tulijaa mpaka dirishani, tukahamishiwa ukumbi wa kanisa. Madawati juu ya vichwa, upepo wa Juni, vumbi hadi kwenye meno. Mimi na Dina tulibeba la kwetu, yeye mbele, mimi nyuma. Kusema kweli mimi nililiegemea zaidi ya kulibeba. Aligundua, akaendelea kubeba. Nilitamani kanisa liwe mbali, hata Manyoni huko. Mtoto gani hutamani safari ya mzigo iendelee?

Ijumaa, 28 Juni

Simu. Dina! Yuko Rungwa, anafuga nyuki, habari za jubilei amezipata juzi. Kabla hata ya kuniuliza hali aliuliza kama Mwalimu bado yu hai. Mama yake alipofariki, Mwalimu alimchukua akaishi kwake hadi akamaliza la saba. Halafu shangazi akaja ghafla akaondoka naye, Mwalimu yuko shambani. Hakuaga. Miaka thelathini na mitano jambo hilo limemkaa kooni. Anataka kumpa mkono tu, basi. Nimemwambia alale usingizi, mwenye orodha ni mimi.

Wamechelewa na wengine watano. Hezekia akashauri kila mmoja achomekwe mahali pake kwa alfabeti, na wa nyuma yake wote wasogee nafasi moja. Nilimtazama. Niwasumbue watu mia tatu kwa ajili ya mmoja? Wengine wana magoti mabovu! Na chaji ya kompyuta je? Shuleni kwetu aliyechelewa alisimama nyuma kabisa. Nimewapanga wote sita nyuma ya Zuhura. Dakika mbili. Nikajaribu: Damiani. Nipo.

Jumamosi, 29 Juni

Mpaka saa saba nilikuwa mfalme. Suti ya harusi yangu, inabana lakini suti. Naandika jina, linatokea, beji hiyo. Watu wanapiga makofi. Hezekia anatazama pembeni.

Saa nane Dina, wa kwanza kufika kati ya wale sita, akashuka kwenye lori la mizigo. Kitenge kimejaa vumbi, dumu la asali mkononi, mvi mbili tatu. Yuleyule. Nikaandika jina lake kwa mbwembwe. HAYUPO. Nikaandika taratibu, herufi nne tu. HAYUPO. Nikajitafuta mimi. Nipo.

Calist, mgambo wa mlangoni, akamwambia kwa adabu kwamba mama aende kwa wageni. Dina hakugomba. Aliniambia, "Damiani, tulikaa dawati moja miaka mitatu." Akaenda upande wa upepo na asali yake.

Hezekia akaniuliza nimemweka wapi. Nikasema nyuma. Akavua miwani. Akanieleza polepole, kama mtu anayefukia kaburi: mashine imefungua katikati, imeona Magdalena, D iko kabla ya M, nusu ya nyuma imetupwa bila kutazamwa. Na Dina yumo humo. Nikasema basi tupitie mmoja mmoja toka mwanzo. Chaji ikaisha.

Nikavua beji yangu nimpe Dina. Calist akaisoma, akasema huyu mama si Damiani. Na saa tisa mjukuu wa Mwalimu alikuwa ameshawasha gari.

Nilikimbia. Nikapiga magoti mbele ya Mwalimu, suti ikachanika mgongoni, nikamweleza yote. Akauliza Dina wa mwaka gani. Kisha akaita, bila kipaza sauti: "Darasa la themanini na tisa, mstarini."

Watu wazima thelathini na kitu, vitambi, mabibi harusi wa zamani, mwenyekiti wa kijiji. Wakasimama! Mwalimu akapita akipapasa mabega, akiwapanga kwa vimo vya wakati ule, si vya leo. Elisha, mrefu kama nguzo ya umeme, akarudishwa mbele kwa wafupi. Alipofika kwa Agnes akasimama. Akasema hapa pana mtu. Agnes arudi hatua moja, na wote wa nyuma yake. Wakarudi, wanacheka, wanakanyagana. Dina akaingia kwenye nafasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona mikono migumu hivi, unafanya kazi gani huko?"

"Nafuga nyuki, Mwalimu. Sikukuaga."

Mwalimu hakuuachia mkono wake. Gari lilizimwa. Mimi nilijifanya natafuta chaja.

Jumatatu, 1 Julai

Jana Hezekia alinifundisha saa nzima jinsi ya kuchomeka jina mahali pake. Niliitikia kwa kichwa sana. Leo nimempigia Dina, nimeomba nitengeneze orodha ya kikundi chake cha wafuga nyuki. Amecheka mpaka simu ikakatika. Hiyo ni ndiyo. Na kosa langu nimeliona: majina mapya hayawekwi mwishoni. Safari hii yote nitayaweka mwanzoni.

Kuhusu zile kura: hakuna aliyepiga kura. Nilimpelekea mwenyekiti wa kamati jogoo.