Mlingoti wa Mama Kavuo Ulivyoingia Daftarini

Tueni mizigo, enyi mpitao, msikie siku mji wa Walikale ulipotikiswa na mti mmoja mkavu.

Alikuwako Mama Kavuo, Muuza-Pagne, yaani vitenge, Simba wa Duka la Bluu, mwenye vitendawili vingi kuliko wateja. Nyuma ya duka alisimamisha mlingoti wa mkaratusi. Kileleni gurudumu, juu yake kamba iliyofungwa ncha kwa ncha, ya kupandishia kikapu, na kikapuni simu, maana rezo, mawimbi ya simu, huko haiwashukii wanyonge. Kwa kikapu hicho alingoja habari za bintiye Mbambu, aliyekuwa karibu kujifungua huko Butembo.

Ndipo amri ikatoka kiwanja cha ndege: kila kilicho kirefu kitangazwe, ndege zisije zikakigonga, kipitacho mita kumi na tano kikatwe. Shujaa hakutetemeka. Aliivuta kamba ikazunguka, akiipima kwa pagne ya yadi sita, hata fundo la mwanzo likamrudia mkononi. Akaingia biro, ofisi ya kiwanja, kama jemadari arudiye na mateka, akatangaza: pagne nne.

Papa Stéphane, mlinzi wa daftari la vitu virefu, akapiga hesabu, akainua uso wa msiba.

“Mama Kavuo, iko mita makumi mbili na mbili. Kesho tunakata.”

Lo, simba alirudi kupandisha simu, labda mara ya mwisho. Kikapu kikapanda upande huu, kamba ikashuka upande ule. Akaganda. Akacheka. Akarudi mbio, kitenge kikipepea kama bendera ya vita.

“Papa Stéphane, kitendawili.”

“Tega.”

“Mugeni alipanda kilima, akashuka ngambo. Vilima viko ngapi?”

“Kimoja tu, Mama.”

“Sasa mbona unanihesabia mulingoti mara mbili? Kamba inapanda, inashuka. Mimi mwenyewe njo nilikosa, nilipima yote.”

Stéphane akaja na mita yake mwenyewe: kumi na moja. Alicheka hadi akafuta machozi, akagonga muhuri, akaagiza kilele kipate rangi nyekundu na nyeupe, marubani wakione. Mama Kavuo akakivika pagne bora ya duka, yenye rangi hizo.

Adhuhuri ndege ndogo ikapita juu, salama, na kikapu kikalia. Akakishusha, akasoma ujumbe: Mbambu amezaa musichana, wote wazima.

Na daftarini imeandikwa hata leo: mlingoti, mita kumi na moja. Pembeni, kwa herufi ndogo, maana Mama Kavuo hakutoka biro mpaka iandikwe: pagne mbili kamili.